Konfitiri bila moto: ni tamu, lakini ni ya leo



Juma hili tunajibu swali ambalo linarudi mara kwa mara: je, tunaweza kutengeneza konfitiri nyumbani bila kuwasha makala? Ndiyo, inawezekana. Lakini lazima tufahamu kwanza kazi ya moto, ili tukiuacha tujue nani atashika nafasi yake.

Moto unafanya kazi tatu katika sufuria ya konfitiri. Unaua vijidudu, unapunguza maji ya tunda, na unasaidia konfitiri kushikana. Tukiondoa moto, kazi hizo zinabaki kwa sukari, ndimu, mikono safi na muda mfupi. Sukari na ndimu zinachelewesha kuoza, lakini haziui vijidudu vilivyoingia na maji machafu. Hapa Goma kolera tunaijua. Wenye umri wanakumbuka mwaka 1994, ilipoua maelfu ya watu katika kambi za wakimbizi. Kwa hiyo usafi si pambo, ndio moto wetu wa pili.

Chagua matunda ambayo hayahitaji kupikwa ili yalainike. Maprini mekundu ni mazuri sana. Ng'ambo ya mpaka, Gisenyi, wanayaita ibinyomoro. Marakuja nayo ni nzuri, na papai lililoiva. Usinunue tunda lililopasuka au lililoanza kuoza kwa sababu tu ya bei nafuu. Tunda la namna hiyo linahitaji moto, au litupwe.

Vyombo na maji. Jioni, ukimaliza kupika maharagi au foufou, usizime makala yaliyobaki. Weka juu yake sufuria ya maji yachemke kabisa, na humo uchemshe chupa ya mdomo mpana, kifuniko chake na kijiko. Maji mengine yaliyochemka yaache yapoe, ndiyo ya kuoshea matunda. Hivyo hutumii makala mapya. Osha mikono kwa sabuni, na usitumie kisu au ubao uliokatia nyama kabla ya kuuosha vizuri.

Vipimo. Glasi mbili za nyama ya tunda, glasi moja ya sukari, maji ya ndimu moja.

Pasua maprini katikati na uchote ndani kwa kijiko. Ganda usilitie, ni chungu. Ponda kwa uma. Tia sukari na ndimu, koroga, acha ipumzike kwa saa moja ikiwa imefunikwa, huku ukirudi kuikoroga mara kwa mara, mpaka usisikie tena chembe za sukari chini ya kijiko. Kama ni nyepesi mno, ongeza ndizi moja tamu iliyoiva, uiponde vizuri. Haitashikana kama ile ya dukani, na hilo si kosa. Juu ya mkate itakaa, na ladha yake itakuwa ya tunda lenyewe.

Itakaa siku ngapi? Hapa tunaomba msikilize vizuri. Kama huna frigo, tengeneza ya kuliwa siku hiyo hiyo. Kama unayo na umeme haukatiki, iliwe kabla ya siku tatu au nne. Umeme ukikatika usiku kucha, usihesabu tena siku hizo. Ukiona povu, kifuniko kimesukumwa juu, harufu ya pombe, au ukungu hata kidogo, tupa yote. Kutoa ukungu wa juu na kula ya chini ni kujidanganya, maana tusichokiona kimeshashuka.

Tunajua kutupa chakula kunauma, hasa siku hizi. Ndiyo maana tunasema tengeneza kidogo. Glasi mbili za tunda zinatosha mkate wa asubuhi wa watoto kabla ya kwenda masomo. Lakini mtoto wa chini ya miaka miwili hahitaji sukari hiyo. Mpe papai lenyewe, lililoponda kwa kijiko safi.

Na wale wanaofikiri kuiuza sokoni? Wazo la biashara ni zuri, lakini si kwa konfitiri hii. Chupa itakaa juani Virunga au Birere, mteja ataibeba nyumbani, na wewe hutajua ataifungua lini. Konfitiri ya kuuza lazima ipikwe: sukari sawa kwa uzito na tunda, ichemke mpaka tone lake lishikane juu ya sahani baridi, imiminwe ingali moto katika chupa iliyochemshwa. Makala hayo hesabu katika bei yako. Mkiwa wanne au watano mkapika katika sufuria moja, moto mmoja unawatumikia wote, na miti ya mbuga ya Virunga, yanakotoka mengi ya makala yetu, nayo inapumua kidogo.

Basi tugawe hivi: ya nyumbani, kidogo na bila moto, iliwe leo, ya kuuza au ya kuweka akiba, ipikwe.

Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.