Taa ya nje inayojizima yenyewe

Swali la wiki hii limetoka Beni, upande wa Mulekera. Mama mmoja ana taa ndogo ya mawe kwenye njia ya kwenda choo, kando ya bustani yake ya lengalenga. Anatia mawe mapya Jumapili, na Jumapili inayofuata yamekwisha. Anauliza kama aache tu kuiwasha.

Hapana mama, usiache. Hapa kwangu Butembo niliacha, kwa sababu ya pesa. Wiki hiyo binti yangu wa miaka saba akaanza tena kukojoa kitandani. Nilimchapa. Siku ya tatu ndipo aliniambia kwamba anaogopa giza la nje na anaogopa pia kuniamsha. Kile kiboko ninakijutia mpaka leo. Taa ile si ya mapambo.

Tufanye hesabu. Taa moja ya LED inakula karibu miliampea 20. Ikiwaka saa 12, kutoka jioni mpaka asubuhi, inakula 240 kila usiku. Mawe matatu mazuri ya alkali, yale ya ukubwa wa AA, yakifungwa kwa mstari mmoja yanabeba karibu 2000. Gawanya: siku 8. Mama wa Mulekera hakuibiwa, ni hesabu tu. (Yale mawe ya bei rahisi ya sokoni hata nusu ya hiyo mara nyingi hayafiki.)

Lakini nani anahitaji taa saa tisa ya usiku kila siku? Watu wanatembea nje tangu giza mpaka karibu saa tano. Kwa hiyo taa inahitaji saa ndogo ndani yake, inayohesabu saa tano kisha inazima. Na sisi tuna bahati. Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero, basi jua letu linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Huko Ulaya saa kama hii ingebidi kurekebishwa kila msimu. Yetu unaipanga mara moja.

Hapo ndipo nilipokosea, na ndilo jambo ninalotaka mshike. Nilimwomba fundi wa redio anitengenezee saa hiyo, naye akatumia kile kidude kinachoitwa 555. Ni kidude maarufu. Kilichorwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, Mswisi aliyefanya kazi Marekani, na mpaka leo mafundi wanakipenda. Taa ilizima vizuri saa tano usiku. Nikafurahi. Siku ya 11 mawe yakafa!

Nilidhani ni mawe mabaya. Kumbe ni saa yenyewe. 555 ya kawaida inakula karibu miliampea 3, na hailali: inakula mchana, inakula usiku, taa ikiwaka au isipowaka. Mara saa 24, ni 72 kila siku. Taa yangu ilikuwa inakula kama 105, na mlinzi wake anakula 72! Ni kama kuajiri mtu wa kuchunga gunia la mihogo, na kila jioni anajipikia nusu sahani kutoka gunia lile lile. Tena 555 hiyo inataka volti 4.5 angalau, na mawe matatu yana 4.5 yakiwa mapya tu.

Fundi wa pili aliitoa akaweka kidude cha namba 4060. Hiki ni cha aina ya CMOS, na kinafanya kazi hata kwa volti 3. Ndani yake kuna kaunta. Unakipa rezistansi ya megaohm 1 na kondensata ya mikrofaradi 1 isiyo na upande wa plasi na minasi. Kinapiga pigo moja kila sekunde 2.3 hivi, na kikifikisha mapigo 8192 kinazima taa. Ni saa 5 na dakika 14. Rezistansi ya pili, ya megaohm 2.2, inakwenda kwenye mguu wa 11, na diodi moja inasimamisha hesabu ikiisha, ili kidude kilale. Jicho la mwanga, yaani ile rezistansi inayobadilika kwa jua, linakirudisha sifuri asubuhi na kukiachilia giza likiingia. Transista ndiyo inayowasha taa, kwa sababu 4060 peke yake haina nguvu hiyo. Mawe yale yale sasa yananifikisha siku 18.

Kama hujui kusoma namba hizi, mpelekee fundi karatasi hii. Lakini usilipe kabla ya kumwomba kitu kimoja: aweke mita ya umeme kati ya mawe na saketi, taa ikiwa imezimika, na wewe uangalie mwenyewe. Mita ikionyesha miliampea 3, mrudishie. Inatakiwa ionyeshe chini ya sehemu ya kumi ya miliampea moja. Fundi mwema hatakasirika.

Na mtoto akiamka saa nane? Ndani, karibu na mlango, weka swichi inayowasha taa moja kwa moja bila kupitia saa. Iwe chini, mahali mkono wa mtoto unafika. Yangu niliiweka juu mara ya kwanza, sijui nilikuwa ninafikiri nini.

Ukungu wa Butembo unaoza waya upesi, basi funga saketi ndani ya kopo lenye kifuniko, na utoboe tundu dogo chini ili maji yatoke. Jicho la mwanga ligeuze mbali na taa. Likiiona taa yake litadhani kumekucha, litaizima, litaona giza, litaiwasha, na usiku mzima utakuwa na taa inayokonyeza majirani.