Huruma Isiyofunzwa Haitoshi

Ndugu vijana, kuna usemi unaorudiwa katika mashirika yetu: mwenye moyo mzuri anatosha kumtuliza aliyejeruhiwa. Usemi huo tunaukataa. Aungaye mifupa hatumchagui kwa upole wake. Kwa nini basi jeraha la nafsi tulikabidhi kwa yeyote mwenye sauti ya huruma?

Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji 16 vya mashariki mwa nchi yetu, kati ya wanawake waliobakwa. Katika vijiji vingine wasaidizi waliwafariji mmoja mmoja. Katika vingine, wasaidizi kama hao, wasio madaktari, walifunzwa tiba ya fikra na mwenendo, wakasimamiwa mfululizo. Kila mwanamke alizungumza nao peke yake mara 1, kisha katika kundi mara 11, na mazoezi yakarekebishwa kwa ajili ya wasiojua kusoma. Miezi 6 baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 42 kwa waliofarijiwa, na asilimia 9 kwa waliotibiwa. Huruma ilisaidia, ujuzi ulisaidia zaidi.

Mama asemaye, "Ningalikimbia upesi, mwanangu angaliishi," katika tiba hiyo haambiwi asahau. Huulizwa kwa utaratibu: Saa ile ulijua nini? Nani alishika silaha? Polepole, hukumu aliyojikatia mwenyewe hulegea.

Lakini majeraha yetu yamefungamana. Tangu 2014 mauaji yalianza Beni. 2018 hadi 2020 Ebola ikatunyima hata kuwagusa wafu wetu. Aliyezika hivyo, kisha akakimbia shamba lake, leo anakunywa pombe ili apate usingizi. Semina ya siku tatu, yenye cheti na picha, haifungui fundo hilo. Wala kamba haifungui, wala kumwita mwenye pepo. Sala hatuidharau, lakini sala haijamkataza mwenye malaria kunywa dawa. Huyu anahitaji mtu aliyejifunza kwa muda mrefu, hadi ngazi ya juu, anayesimamiwa na aliyemtangulia, na ajuaye lini ampeleke mgonjwa kwa daktari.

Wengine watasema kwamba elimu hiyo ni ya Kinshasa. Kasugho hii hii, wilayani Lubero, ina chuo kikuu cha uhifadhi, kilichozaliwa na juhudi za kulinda gorila wa Tayna. Ikiwa vijana walifundishwa hapa kuwalinda gorila, kwa sababu gani wasifundishwe kutibu nafsi za mama zao?

Basi, mradi ukija parokiani, tuulize kabla ya kupokea fulana: Mafunzo ni ya muda gani? Nani atawasimamia wanafunzi mwezi wa sita? Nani atabaki gari likiondoka? Asiye na jibu, arudi akiwa nalo. Walioumia wamekwisha kusubiri vya kutosha; wasipewe watu wanaojifunzia juu yao.