Diski pacha ikifa Kigali, kontena hulala Mombasa

Tangu nchi za Afrika Mashariki zianze utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha mwaka 2014, tamko la mzigo wa Rwanda huandikwa na kodi hulipwa Kigali wakati kontena bado liko bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Kwa hiyo lori ambalo zamani lilikwama Gatuna au Rusumo, sasa laweza kukwama kwa sababu ya kompyuta moja isiyowaka katika ofisi ya wakala wa forodha. Siku za bure za bandarini huendelea kuhesabiwa.

Matamko yaliyokwisha kuingizwa katika mfumo wa ASYCUDA World yamo salama kwenye seva za Mamlaka ya Mapato. Lakini ankara, hati za shehena na hesabu za wateja ziko kwa wakala mwenyewe. Aliye mwangalifu hununua seva yenye diski mbili, kila kinachoandikwa kwenye moja kikaandikwa na kwenye nyingine, yaani RAID 1. Fundi humhakikishia kuwa moja ikifa, nyingine itaendelea.

Hiyo ni nusu ya ukweli. Diski ikifa mchana, kazi huendelea na pengine hakuna anayejua. Taabu huanza asubuhi seva inapowashwa upya. Pale unakili unapofanywa na programu, si kwa kadi maalumu, mara nyingi kianzio cha kuwashia mashine huwa kimewekwa kwenye diski ya kwanza tu. Mafaili yote yapo kwenye ya pili, ila mashine haijui ianzie wapi.

Hasara kubwa zaidi huletwa na haraka. Diski mpya huchomekwa, unakili ukaanzishwa kinyume, na tupu ikafuta nzima. Kwanza isomwe namba ya diski iliyokufa, kisha ile nzima ihamishiwe nakala nje kabla ya jambo lolote.

Mwenye ofisi anayo haki ya kumtaka fundi, kabla ya kumlipa, achomoe diski ya kwanza na kuwasha mashine mbele yake. Kisha airudishe, angoje unakili ukamilike, ajaribu na ya pili. Na bado atahitaji nakala nyingine nje ya seva hiyo, kwani faili likifutwa kimakosa, hufutika kwenye diski zote mbili papo hapo.