Mlio wa Tramu Kwenye Kona: Kilainishi Husaidia, Mchoro wa Njia Huamua

Wakazi wa miji yenye tramu, yaani treni nyepesi zinazopita katika barabara za mjini, wanaufahamu mlio mkali unaosikika kila gari linapokata kona. Kwa anayeishi jirani na kona hiyo, mlio huanza na gari la kwanza alfajiri na kukoma baada ya gari la mwisho usiku.

Mlio huo hautokani na uchakavu pekee, kama inavyodhaniwa mara nyingi. Kwa kawaida ekseli mbili hushikwa sambamba na fremu moja, hivyo katika kona kali haziwezi kuufuata mpindo wa reli sawasawa. Gurudumu huviringika kwenda mbele na wakati huohuo huburutwa kiubavu juu ya reli. Hunata, huteleza, kisha hunata tena, mamia ya mara kwa sekunde, hadi gurudumu zima linalia mithili ya kengele.

Ndiyo maana hata gari jipya hulia. Mjini Toronto, Canada, zipo kona zenye nusukipenyo cha takribani mita 11 tu. Magari mapya yaliyoanza kutoa huduma Agosti 31, 2014 hayakumaliza malalamiko ya wakazi, na mamlaka ya usafiri ililazimika kuyafungia vifaa vya kupaka kilainishi kwenye magurudumu.

Hata hivyo, kilainishi kina mipaka yake. Sehemu ya juu ya reli ndiyo hiyohiyo inayolisimamisha gari, na tramu hupita miongoni mwa watembea kwa miguu. Grisi ikizidi hapo, breki hukosa mshiko. Kwa sababu hiyo hutumika viowevu maalumu vinavyopunguza msuguano kwa kiasi bila kuuondoa, navyo hudai kupakwa tena na tena. Magurudumu yenye mpira kati ya ukingo na kitovu, yaliyotumika Marekani katika magari ya mwaka 1936, hupunguza mvumo lakini hayaondoi kuburutwa kwenyewe.

Somo zito zaidi lipo Boston, Marekani. Handaki la kituo cha Boylston, lililofunguliwa Septemba 1, 1897, lilipindishwa kwa ukali kufuata kona ya barabara zilizo juu yake. Magari yamebadilishwa kizazi baada ya kizazi. Kona imebaki, na mlio umebaki nayo. Kwa miji inayochora njia zake sasa, hesabu ni ya wazi: fidia ya kiwanja cha kona hulipwa mara moja, ilhali kilainishi hununuliwa muda wote wa uhai wa njia.

Kwa njia ambazo tayari zimejengwa, taarifa za wananchi zina thamani kubwa zikitaja kona, saa na hali ya hewa, kwa kuwa reli iliyolowa mvua aghalabu hunyamaza, na fundi anayefika siku ya mvua anaweza kuondoka bila kusikia chochote.