Kabla ya Kutuita Maharamia, Fungueni Duka

Haya wasomaji wangu, blogu imekuwa kimya majuma kadhaa kwa sababu kazi za watu zilinibana. Leo nilipanga kuandika juu ya hifadhidata, lakini hifadhidata itangoja. Nimetoka kwenye tamasha la wapenzi wa anime na komiki huko Nairobi, na kuna jambo limenikwama kooni kama mfupa wa samaki. Nisipoliandika sitalala.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi naandika kutoka Kiganjo. Si Kiganjo ya Nyeri yenye chuo cha polisi, ni hii yetu ya Thika. Kwenda tamashani ni kupanda 237 mpaka mjini, kisha gari jingine mpaka upande wa Westlands. Nauli ya asubuhi ni mia, na jioni mvua ikinyesha ni mia na hamsini na hakuna wa kumlalamikia. Matamasha haya tunayo Nairobi tangu muongo wa 2010. Wengi wenu mnayajua majina ya NAICCON na Otamatsuri. Lile nililohudhuria silitaji, maana ugomvi wangu si na waandalizi. Walifanya kazi nzuri, hata vyoo vilikuwa na maji.

Ambaye hajawahi kufika anadhani ni watoto wa matajiri waliovaa kama Naruto na kupigana picha. Afike aone. Nilimkuta msichana mmoja amevaa mavazi ya vita yanayong'aa kama chuma. Chuma gani? Ni lile zulia la sponji la watoto, lenye vipande vya herufi A mpaka Z, linalouzwa kando ya barabara. Amelikata, amelipasha moto kwa pasi likapinda, amelipaka rangi ya fedha. Nyuma ya bega rangi haikukolea vizuri na herufi K bado ilionekana. Kijana mwingine alikuwa na upanga unaowaka taa akibonyeza kitufe. Ndani aliweka Arduino, na msimbo wake aliuandika mwenyewe baada ya kusoma maelezo mtandaoni. Nimewahi kukaa kwenye usaili wa kazi na watu wenye shahada ambao hawangeweza kuiwasha taa ile. Sasa mtu akija kuniambia hawa wanapoteza wakati, namwomba tu anionyeshe alichotengeneza yeye mwaka huu.

Sasa mfupa wenyewe. Mchana kulikuwa na mjadala kuhusu "biashara ya ubunifu". Bwana mmoja aliyevaa suti, sitamtaja, alishika maikrofoni na kutuambia kuwa mashabiki wa Kenya ndio wanaoua tasnia hii. Ati sisi ni maharamia. Ati tumezoea vya bure. Ati kila aliyekaa pale ana flashi imejaa vitu vya wizi. Watu walicheka kidogo, wakainamisha vichwa kama watoto walioshikwa na sukari mdomoni. Hakuna aliyemjibu, na muda wa maswali ukaisha kabla maikrofoni haijafika nyuma tulikokaa.

Basi nimjibu hapa.

Kwanza, bwana, mimi nakula kwa hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta pamoja na kazi za maandishi, kama riwaya. Kwa hiyo msimbo ninaouandika hapa Kiganjo unalindwa na sheria ile ile unayotutishia nayo. Usidhani unazungumza na mtu asiyejua thamani ya kazi ya kichwa.

Pili, tuulizane huyu shabiki unayemtukana alitoka wapi. Nani alimfundisha kuipenda anime? Si kampuni yoyote. Ni duka la muvi la mtaani, lile la mlango mmoja lenye kompyuta nzee na karatasi za orodha ukutani, unapeleka flashi unajaziwa msimu mzima. Kabla ya hapo ni kibanda cha video, benchi za mbao na televisheni moja, mpira wikendi na filamu za Kichina siku nyingine. Na tukumbuke jambo ambalo wasomi wanaanza tu kuliandika: ni vibandani ndimo filamu za kigeni zilimozungumza Kiswahili kwa watu wa kawaida. Tanzania walikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Sisi tuna DJ Afro. Uganda wana VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda. Walichukua filamu ambayo mama muuza mboga hakuielewa neno, wakampa kwa lugha yake, na utani juu. Studio kubwa zilikuwa wapi? Hazikuwepo. Wala hazikuwa na mpango wa kuja.

Sitaki unielewe vibaya. Sisemi kila kitu kilichofanyika kule ni halali. Nasema soko unalotaka kuliuzia leo lililimwa na watu hao, na wewe umefika wakati wa mavuno ukiwa na kikapu na matusi.

Na si Afrika peke yake. Crunchyroll, jina kubwa kuliko yote katika anime halali duniani nje ya Japani, ilianza mwaka 2006 Marekani. Ilianzaje? Kama tovuti ambapo mashabiki walipakia vipindi visivyo na leseni, vyenye tafsiri walizoziandika wenyewe usiku. Ni mwaka 2009 tu ndipo ilipoondoa visivyo na leseni na kuanza kuonyesha Naruto Shippuden kwa mkataba. Mwaka 2021 Sony ikainunua kwa dola bilioni 1.175. Soma tarakimu hiyo tena pole pole. Maharamia wa California walipewa mtaji, maharamia wa Thika wanapewa mawaidha.

Japani kwenyewe, mwaka 1975 mwezi wa Desemba, vikundi 32 vya mashabiki na watu kama 700 walikusanyika Tokyo na kuanzisha soko la vijarida vyao, Comiket. Sehemu kubwa ya vijarida vya pale ni hadithi wanazochora mashabiki kwa kutumia wahusika wa watu wengine. Kisheria wachapishaji wangeweza kuwafikisha mahakamani kila mwaka. Kwa kawaida wameamua kufumba jicho, kwa sababu wanajua wachoraji wao wa kesho wako pale. Kundi la CLAMP, lililokuja kutupa Cardcaptor Sakura, lilitokea katika vijarida vya namna hiyo. Kabla ya korona Comiket ilikuwa ikivuta zaidi ya watu nusu milioni kwa siku chache. Hakuna aliyepanda jukwaani mwaka 1975 kuwaambia wale mia saba kuwa wanaiua tasnia. Ama kama alipanda, hawakumsikiliza.

Tatu, na hapa ndipo ninapokasirika kama mtu wa kompyuta. Wewe unasema "nunueni". Tununue wapi? Hebu niwaeleze wasomaji kinachotokea. Simu yako ikiomba video, seva inaiona anwani yako ya IP. Anwani hizo hugawiwa kwa mafungu, na huku Afrika mgawaji mkuu ni AFRINIC. Zipo orodha zinazosema fungu fulani ni la nchi fulani. Seva inaangalia orodha, inakuta herufi KE, inakurudishia ujumbe wa heshima: samahani, haipatikani katika eneo lako. Basi! Ni mistari michache ya msimbo, kazi ya nusu saa pamoja na chai. Sababu yake si ya kiufundi hata kidogo. Haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi, na nchi ambayo hakuna aliyejisumbua kuinunulia haki inabaki gizani. Yaani mlango umefungwa kwa ndani, halafu aliyeufunga anatulaumu kwa kuingilia dirishani.

Mfano mmoja unatosha. Julai 2023 Disney+ ilitoa filamu fupi kumi za uhuishaji kutoka Afrika. Jina la mfululizo? Kizazi Moto. Kiswahili hicho, cha kwetu! Mojawapo, Enkai, ni ya Mkenya, Ng'endo Mukii. Na siku ilipotoka, Disney+ ilikuwa haijafunguliwa Kenya. Jina letu, hadithi yetu, mtengenezaji wetu, na mtu wa Kiganjo mwenye pesa mkononi anaambiwa samahani, eneo lako. Tamashani kila mtu niliyezungumza naye alikuwa ameiona. Waliionaje? Muulize yule bwana mwenye suti.

Atasema Wakenya hatuna namna ya kulipa. Uongo. Tunalipa kwa simu tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na tangu 2022 Safaricom na Visa wanakupa kadi isiyo ya plastiki, ndani ya M-Pesa yako, ya kununulia nje ya nchi. Atasema bei ni ile ile kwa wote. Si kweli pia. Netflix, iliyofika hapa Januari 2016, ilijua kabisa kuwa bei ni tatizo, ndiyo maana Septemba 2021 ilitupa mpango wa bure kwenye simu za Android. Novemba 2023 ikauondoa. Wao angalau walijaribu kuuliza mfuko wetu una nini. Na bado hatujahesabu bando! Video ya ubora wa kawaida inakula kama gigabaiti moja kwa saa ukiiachia. Mwanafunzi wa Juja ananunua data ya siku moja akiomba isiishe kabla ya mwisho wa kipindi. Flashi ya duka la muvi haili bando.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana najua mashabiki wenzangu mnashangilia mapema. Kuna mahali udhuru wetu umekwisha. Shueisha ya Japani ilifungua MANGA Plus Januari 2019, na Kenya haikufungiwa. Sura mpya ya One Piece unaisoma bure, halali, siku ile ile inapotoka Japani. Bado kuna watu wanaenda kusoma kwenye tovuti za wizi zilizojaa matangazo ya kamari, eti wamezoea. Huko mimi siwatetei.

Na kuna lililoniuma zaidi ya ile hotuba. Kwenye meza za pembeni walikaa wachoraji wetu, na komiki zao zimechapishwa kwa pesa zao wenyewe. Mbele ya meza moja kijana alifungua komiki, akatoa simu, akaanza kupiga picha ukurasa baada ya ukurasa ili awatumie wenzake kwenye kikundi. Mchoraji amekaa hapo hapo! Namba yake ya M-Pesa imeandikwa kwenye kadibodi kwa maandishi makubwa! Huyo kijana hana seva iliyomkataa wala mkataba uliomnyima. Duka liko wazi, mwenye duka anamwangalia machoni. Huo ni wizi, na siutafutii jina jingine. Nchi hii ilikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau akichekesha watu katika Taifa Leo kwa miongo. Ikawa na Shujaaz tangu 2010, kwa Sheng, ikigawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa. Pengine ndiyo maana tumezoea kuwa mchoro wa kwetu haulipiwi. Lakini Shujaaz ilikuwa na wafadhili nyuma yake. Huyu wa mezani nyuma yake alikuwa na ukuta tu.

Kwa hiyo mwaka ujao, waandalizi, msituletee tena mtu wa kutuhubiria. Mleteni anayenunua haki za kuonyesha, atuambie kwenye mkataba Kenya imeandikwa wapi, au kwa nini haikuandikwa. Mkaeni naye mwenye duka la muvi, mumuulize ni vipindi gani vinaombwa zaidi Thika, Ruiru na Juja. Ana takwimu ambazo hakuna kampuni iliyowahi kuzilipia. Na wachoraji watolewe pembeni, wawekwe mlangoni, mahali ambapo kila mtu lazima apite akiwa bado na pesa ya nauli mfukoni.

Sehemu ya maoni iko wazi kama kawaida. Anayetaka kunitukana namkaribisha, ila aanze kwa kuniambia yeye Kizazi Moto aliitazamia wapi.