Nani Afungue Mlango wa Maabara?

Watu wengi hudhani kuwa nyumba iliyofungwa hulala, na kwamba aliyeifunga akirudi huikuta vile vile alivyoiacha, ila imeongezeka vumbi. Dhana hii ina madhara madogo kwa nyumba ya kuishi, lakini kwa jengo la utafiti madhara yake ni makubwa. Vyuo vikuu vya Tanzania vilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, vikafunguliwa tarehe 1 Juni mwaka ule ule. Kenya ilikawia zaidi, ikawarudisha wanafunzi wake awamu kwa awamu. Uganda ilianza kufungua, kisha ikafunga tena Juni 2021. Katika siku zile swali lililosikika kila mahali lilikuwa: lini? Ama swali la nani atangulie kuingia, na aingie akijua nini, hilo halikuwa na msemaji. Wapo watakaoniambia kuwa nimechelewa, msiba umekwisha pita. Nalileta sasa kwa makusudi. Wakati wa hofu hakuna asikilizaye, na maradhi mengine yatakuja. Hata yasipokuja, likizo ndefu na migomo hufunga maabara zetu mara kwa mara.

Nitaeleza niliyoyaona, bila ya kukitaja chuo, maana nia yangu si kumfedhehesha mtu. Siku ya kufunguliwa kwa jengo la utafiti ambamo nafanya kazi, tulipangwa katika mstari uliochorewa alama za chokaa, mtu na mwenziwe mbali mita moja. Palikuwa na ndoo yenye bomba la kukanyaga kwa mguu, palikuwa na sabuni, na kijana mmoja alituelekezea kipimajoto usoni. Mkuu mmoja alitukaribisha, akatuhakikishia kuwa jengo limepigwa dawa na liko salama. Tukapiga makofi. Kumbe mlango ulikuwa umekwisha funguliwa siku mbili kabla, na aliyeufungua ni mama mfagizi, peke yake, na ndoo yake na fagio lake. Mlangoni palikuwa pamebandikwa mwongozo wa kurasa nne, wa Kiingereza. Mama yule husoma Kiswahili vizuri, Kiingereza hasomi. Alimwuliza mlinzi, naye akamjibu kuwa hayo ni mambo ya walimu. Basi akaingia. Alikuta harufu mbaya ya choo katika vyumba vya chini, akafungulia mabomba yaliyotema maji yenye rangi ya kutu, akafagia, akapangusa. Katika rafu moja alikuta chupa ya kahawia iliyoota ukoko mweupe shingoni. Aliipangusa kwa kitambaa cha maji, akaiweka dirishani ipate kukauka juani.

Fundi wa maabara aliiona kabla ya adhuhuri ya siku ile tuliyopiga makofi. Alisimama mbali, akatutoa sote nje. Tukiwa uani mama yule alinijia akaniuliza, "Mwalimu, kwani nimeharibu nini?" Sikuwa na jibu lenye heshima.

Chupa ile ilikuwa ya etha. Etha iliyokwisha funguliwa hukutana na hewa na mwanga, ikafanya polepole vitu viitwavyo peroksidi. Na peroksidi zikijikusanya na kukauka kwenye kifuniko, msuguano wa kukizungusha huweza kutosha kuilipua chupa mkononi mwa mtu. Ndiyo sababu maabara zenye utaratibu huandika juu ya chupa tarehe ya kufunguliwa, na baada ya miezi michache huipima au huitupa kwa njia ya salama. Chupa ya kwetu haikuwa na tarehe. Kosa hilo halikuwa la mfagizi, wala halikuwa la korona. Lilikuwa letu, sisi wenye shahada, na lilianza muda mrefu kabla ya maradhi. Kufungwa kwa jengo kulilipa kosa hilo nafasi ya kukomaa.

Harufu ya choo nayo haikuwa uchafu tu. Chini ya kila sinki, na chini ya kila tundu la sakafuni, pana bomba lililopindwa ili maji yabakie ndani yake na kuzuia hewa ya maji machafu isipande. Maji hayo hukauka yasipoongezwa kwa majuma kadha, na hapo bomba huwa mlango wazi. Walioishi katika majumba ya Amoy Gardens, Hong Kong, walijifunza jambo hili kwa msiba mwaka 2003, wakati wa ugonjwa wa SARS: matundu ya sakafuni yaliyokauka yalitajwa na wachunguzi kuwa mojawapo ya njia zilizopitisha maradhi kutoka nyumba hata nyumba. Watu zaidi ya 300 waliambukizwa pale, na 42 wakafa. Dawa ya jambo hili ni jagi la maji. Sitanii: jagi moja la maji katika kila tundu, kabla ya mtu yeyote kukaa chumbani.

Na yale maji ya kutu? Tangi lililo juu ya paa katika miji yetu ya pwani halipoi mchana wala usiku. Bakteria aitwaye Lejionela, aliyetambuliwa baada ya wajumbe wa mkutano wa askari wastaafu kuugua katika hoteli moja ya Philadelphia mwaka 1976, hustawi katika maji ya vuguvugu yaliyosimama, takriban baina ya nyuzi 25 na 45. Humwingia mtu kwa mvuke na matone madogo anayoyavuta puani. Afunguliaye bomba kwa nguvu baada ya majuma kumi, dirisha likiwa limefungwa, na uso wake umeinama juu ya sinki, anafanya lile asilopaswa kulifanya. Afungue dirisha kwanza, aachie maji taratibu, kisha atoke nje. Maneno haya yangeandikwa katika nusu ya ukurasa.

Badala yake tulipewa dawa ya kunyunyiza. Siwalaumu walionyunyiza katika siku za kwanza, maana ujuzi ulikuwa mchanga. Lakini Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilikwisha onya kuwa kunyunyiza dawa mitaani hakufai, na kwamba kumnyunyizia mtu ni kumdhuru. Shirika hilo lenyewe lilikuwa zito kukiri kuwa virusi hivi husafiri hewani, hata wanasayansi 239 wakaliunga mkono andiko la wazi la Julai mwaka huo la kulihimiza. Ikiwa maradhi yamo hewani, basi swali la jengo ni hewa yake, nasi tumejitahidi sana kuizuia. Tumejenga maabara za vioo visivyofunguka, tukatundika viyoyozi ambavyo vingi huizungusha hewa ile ile ya ndani, ikarudi baridi lakini si mpya. Utafiti uliofanywa katika hospitali za Lima, Peru, na kutolewa mwaka 2007, ulipima jambo hili kwa ajili ya kifua kikuu. Vyumba vilivyofunguliwa madirisha na milango vilibadili hewa yake mara 28 kwa saa. Vyumba vya mitambo, mara 12. Na majengo ya kale, yaliyojengwa kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yaliyashinda ya kisasa zaidi ya mara mbili. Aliyejenga nyumba ya pwani yenye madirisha yanayotazamana hakuwa na haja ya kusoma jambo hili. Sisi tumelisoma, na bado tunaomba fedha za vioo.

Najua nitakayojibiwa. La kwanza ni umaskini, nalo nimekwisha lijibu kwa jagi la maji na komeo la dirisha. La pili ni haraka: ati utafiti haungoji. Jibu hili lina ukweli, na linaniuma. Nilimwona mwanafunzi wa uzamili akisimama mbele ya jokofu lililokatikiwa umeme, vielelezo vya miaka miwili vimeyeyuka, naye hakulia wala hakusema. Kumwambia huyo angoje siku tano nyingine ni kazi ngumu. Lakini haraka yake haiwezi kulipwa kwa mkono wa mtu mwingine, ambaye jina lake halitaandikwa katika tasnifu ile.

La tatu ndilo linalonighadhibisha. Husemwa kuwa mambo haya hayaandikiki kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha yetu haina maneno ya kemia. Tazama basi: "Ukiona chupa yenye ukoko au fuwele shingoni, usiiguse. Toka, funga mlango, mwite fundi." Katika maneno hayo liko wapi neno lililokosekana? Tunaandika mashairi kwa lugha hii, tunahukumu kesi kwa lugha hii, tunawafundisha watoto hesabu kwa lugha hii. Tukifika mlangoni mwa maabara tunakuwa mabubu. Sisi wa idara za Kiswahili tuna sehemu yetu ya lawama, maana tumefanya mikutano mingi juu ya istilahi, na sijakumbuka hata mmoja uliomwalika mfagizi.

Ninalolidai ni dogo. Jengo la utafiti lifunguliwe na fundi wa maabara pamoja na mfagizi, wawili kwa pamoja, siku tano kabla ya watafiti, wakilipwa kwa siku hizo na kupewa glavu, miwani ya kukinga macho na barakoa. Fundi atangulie kwenye rafu na majokofu. Mfagizi asiingie chumba ambacho fundi hajakipitia. Wawe na mamlaka ya kukataa, na mkuu yeyote asiwe na ruhusa ya kuutengua ukatazo wao kwa simu. Mwongozo uandikwe Kiswahili kwanza, usomwe kwa sauti mbele yao, na wao waulizwe kilichosahauliwa. Nimemwuliza mama yule. Alinitajia mambo matatu ambayo hayamo katika kurasa zetu nne. La kwanza ni kwamba ufunguo wa stoo ya kemikali hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa choo, na kila mtu anajua.