Damu ya Kila Mwezi Nayo Ni Damu

Hedhi ni nzito kupita kiasi pale mwanamke anapolazimika kubadilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa moja au mbili, anapotokwa na mabonge, anapoamka usiku kujisitiri, au siku zake zinapozidi saba. Vitabu vya zamani viliweka kikomo cha mililita 80 kwa mwezi, kipimo kisichopimika nyumbani. Madaktari wa leo huuliza tu kama damu hiyo inamvurugia mwanamke maisha yake. Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge nchini Burundi, jibu huonekana kwa macho: kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nne, nguo nyeusi juu yake, na mwanamke anayeinuka kwenye benchi akigeuka kutazama alipokuwa amekaa. Huo ni ugonjwa wenye tiba. Kuuacha nje ya huduma za bure kwa kuwa mgonjwa hana mimba ni kosa.

Sababu zake zinajulikana. Kuna uvimbe wa misuli ya kizazi, vinyama ndani ya mji wa mimba, mayai yasiyopevuka kwa mpangilio (hasa kwa msichana aliyevunja ungo karibuni na kwa mama anayekaribia kukoma hedhi), hitilafu ya kurithi ya kuganda kwa damu, kitanzi cha shaba, na mara chache saratani. Dawa nazo zipo. Asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke mwaka 1962, hupunguza damu ikimezwa siku za hedhi zenyewe. Aliyewahi kupata damu iliyoganda kwenye mishipa hapewi. Ibuprofeni husaidia kiasi. Kitanzi chenye homoni husaidia zaidi.

Mei 2006 Burundi ilifuta malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka 5 na kwa wanaojifungua. Ulikuwa uamuzi mwema, na umeokoa watu. Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mpya wa kutokwa na damu baada ya kujifungua, ili hatua zichukuliwe mapema zaidi. Kila mara damu ya mwanamke inapotajwa katika sera, inayokusudiwa ni ya leba.

Watetezi wa mpangilio huu husema bajeti ni ndogo na vifo vya uzazi vitangulie. Husema pia ipo kadi ya msaada wa matibabu (CAM), iliyofufuliwa mwaka 2012 kwa faranga 3,000 kwa kaya, ikibeba asilimia 80 ya gharama. Ni kweli pesa ni chache.

Lakini hoja yao inaangushwa na leba yenyewe. Utafiti wa WOMAN-2, uliochapishwa mwaka 2023, uliwafuata wanawake zaidi ya 15,000 wa Pakistani, Nijeria, Tanzania na Zambia walioingia leba wakiwa na upungufu wa damu. Nusu yao walipewa traneksamiki mara baada ya mtoto kuzaliwa, na haikuwapunguzia hatari ya kuvuja damu. Wenye upungufu mkali walikaribia kifo au kufa takriban mara saba zaidi ya wenye upungufu wa wastani. Maana yake, kungoja hadi mlango wa leba ni kuchelewa. Nchini Burundi, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 19 mwaka 2010. Uchunguzi wa 2016 na 2017 ulikuta 39. Malaria, minyoo na chakula duni vina sehemu yao. Hedhi nzito nayo inayo, na ndiyo isiyoulizwa. Mwanamke anavuja miaka kumi kwa gharama yake, kisha anashika mimba na serikali inaanza kulipia madhara ambayo vidonge vingeyazuia. Kuita hilo kipaumbele cha uzazi hakukubaliki. Hakuna daktari aliyeuchora mwilini mpaka kati ya damu ya hedhi na damu ya leba. Umechorwa kwenye karatasi, na kwenye karatasi unaweza kufutwa.

Huduma inayotakiwa si kubwa. Kituo cha afya kiulize kuhusu hedhi, kihakikishe hakuna mimba, kipime himoglobini. Chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Anayelowesha pedi kila saa huku akisikia kizunguzungu, au anayetokwa na damu baada ya kukoma hedhi, apelekwe hospitali. Vidonge vya madini ya chuma huendelea kumezwa miezi 3 baada ya kipimo kurudi sawa, ili akiba ya mwili ijae.